UZI: Malkia wa miaka 18 na Lord Melbourne, waziri mkuu aliyempenda hata akashindwa kumwambia hapana

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi ya kuushusha. Ni mrefu, nitauweka kwa vipande, na mwenye swali aulize katikati bila kusubiri.

Tukisikia jina la Malkia Victoria, wengi wetu tunaona yule bibi mnene wa kwenye picha, nguo nyeusi, kitambaa cheupe kichwani, mjane asiyecheka. Mimi nataka tumzungumzie binti. Binti mfupi asiyefika futi 5, ambaye alfajiri ya Jumanne, 20 Juni 1837, aliamshwa na mama yake saa 12 asubuhi katika kasri la Kensington, London, akaambiwa kuna wageni wawili wanamsubiri. Mmoja alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwingine Lord Conyngham, msimamizi wa shughuli za kasri la mfalme. Walikuwa wametoka Windsor usiku kwa gari la farasi. Kule Windsor mfalme William wa Nne, baba yake mkubwa, alikuwa amefariki saa 8 usiku na ushei.

Binti akainuka kitandani, akavaa joho la chumbani, akaingia sebuleni peke yake. Hayo maneno "peke yake" aliyaandika mwenyewe kwenye shajara siku ileile. Saa 3 asubuhi akaja Waziri Mkuu, Lord Melbourne, naye akampokea peke yake, na akaandika kwamba ndivyo atakavyowapokea mawaziri wake wote siku zote. Kabla usiku haujaingia alikuwa ameamuru kitanda chake kitolewe chumbani kwa mama yake.

Alikuwa na miaka 18 na siku 27.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni hiki: Melbourne alimfundisha binti huyu kazi ya umalkia kwa uvumilivu na upendo ambao sijui ni waziri gani mwingine angeuweza. Lakini kwa sababu alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, neno chungu lilimshinda. Na mwaka 1839 neno hilo lilihitajika mara mbili, halikusemwa, na mtu mmoja akaenda kaburini akiwa amechafuliwa jina. Nitafika huko.

Mleta uzi

Naanzia utotoni, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini alimng'ang'ania Melbourne vile.

Baba yake, Duke wa Kent, alifariki Januari 1820, mtoto akiwa na miezi minane. Mama yake alikuwa Mjerumani, mgeni nchini, ana madeni, na akamtegemea kwa kila kitu msimamizi wa nyumba yake aliyeitwa Sir John Conroy. Huyu Conroy alipiga hesabu yake mapema. Mfalme ni mzee, hana mtoto halali aliye hai, kwa hiyo mrithi ni huyu binti. Mfalme akifa kabla binti hajatimiza miaka 18, mama atatawala kwa niaba yake, na nyuma ya mama ni nani? Conroy.

Kwa hiyo mtoto akafungiwa. Hakuruhusiwa kulala chumba chake mwenyewe, alilala na mama hadi siku ile aliyokuwa malkia. Hakuruhusiwa kushuka ngazi bila mtu mzima kumshika mkono. Hakubaki na mgeni yeyote bila kuwepo mtu wa kusikiliza. Wa kwake wa kweli alikuwa mlezi wake tu, Lehzen, Mjerumani mwingine.

Oktoba 1835, akiwa Ramsgate kando ya bahari, aliugua homa kali hadi akadhoofu kabisa. Akiwa kitandani, Conroy akamletea karatasi na kalamu, asaini kwamba akiwa malkia atamfanya Conroy katibu wake binafsi. Mama naye akamsukuma asaini. Hebu mfikirie mtoto wa miaka 16, homa imemkausha, mama mzazi yuko upande ule mwingine wa kitanda akiwa na mtu huyo. Akakataa. Hakusaini.

Na mfalme mzee alijua yote hayo. Agosti 1836, kwenye karamu ya siku yake ya kuzaliwa, alisimama mbele ya wageni wote, mama wa binti akiwa ameketi karibu naye, akasema anamwomba Mungu ampe miezi tisa zaidi ili binti atimize umri na pasiwepo mtu wa kumtawalia. Mungu akampa. Victoria alitimiza miaka 18 tarehe 24 Mei 1837, mfalme akafa mwezi uliofuata.

Mdau wa Tanga

Mkuu nimeweka kambi hapa. Hiyo ya kusainishwa mgonjwa kitandani imeniuma. Sasa huyu Melbourne ni nani hasa? Maana kama binti alitoka mikononi mwa Conroy, alijuaje kwamba huyu siye Conroy mwingine?

Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu. Jina lake William Lamb, alizaliwa 1779, kwa hiyo siku ile ya Juni alikuwa na miaka 58. Chama chake Whig. Alikuwa waziri mkuu mara ya kwanza 1834, na William wa Nne akamwondoa mwaka huohuo. Tangu hapo mpaka leo hakuna mfalme mwingine wa Uingereza aliyemfukuza waziri mkuu. Akarudi Aprili 1835.

Nyumbani kwake kulikuwa na majonzi matupu. Mkewe, Lady Caroline, alijitumbukiza mwaka 1812 kwenye mapenzi na mshairi Byron, tena hadharani, London nzima ikaongea. Melbourne hakumtupa mara moja, alivumilia miaka mingi, wakatengana mwishoni, na mama yule akafa 1828. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyeishi, ana kifafa na akili yake haikukua. Baba alimtunza hadi mtoto akafa Novemba 1836. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 1836, mume mmoja alimshitaki Melbourne mahakamani kwamba amezini na mkewe, Caroline Norton. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia bila hata kutoka nje kujadili. Lakini yule mama Norton, ambaye naye hakupatikana na kosa, alinyang'anywa watoto wake watatu na mume, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimpa baba kila kitu. Akapigana kwa kalamu hadi Bunge likapitisha sheria ya malezi ya watoto mwaka 1839. Yeye anastahili uzi wake peke yake, siku moja nitauleta.

Kwa hiyo, mkuu, Juni 1837 walikutana mtu mzima aliyezika mke na mtoto, na binti asiyemkumbuka baba yake. Kuhusu alijuaje kwamba si Conroy: Melbourne hakutaka chochote kwake. Uwaziri mkuu anao, mali anayo, cheo cha ukoo anacho. Conroy aliondolewa kwa malkia na pensheni ya pauni 3,000 kwa mwaka, akabaki kwa mama yake tu, na kazi ile ya katibu binafsi aliyoililia hakupewa mtu. Melbourne akaifanya mwenyewe, bila cheo, juu ya kazi yake ya kuongoza serikali.

Mleta uzi

Tuone siku zao zilivyokuwa.

Asubuhi anafika kasrini, wanakaa na masanduku ya barua za serikali. Anamsomea, anamweleza kila jambo lilikotoka: huyu balozi anataka nini, mswada huu unapingwa na nani, babu yako George wa Tatu alikosea wapi. Mchana wanapanda farasi pamoja. Jioni chakula, na nafasi ya Melbourne ni kushoto kwa malkia. Baada ya chakula wanakaa tena kuzungumza, na mara nyingine mzee anasinzia kitini mpaka anakoroma, na binti anaandika hilo pia kwenye shajara kwa mapenzi tu.

Tunajua haya kwa sababu Victoria aliandika shajara kila siku tangu 1832, akiwa na miaka 13. Baada ya kufa kwake, binti yake mdogo, Beatrice, aliinakili upya akipunguza mengi na kuchoma daftari za asili. Bahati ni kwamba miaka ya mwanzo, hadi Februari 1840, ilikuwa tayari imepigwa chapa na Lord Esher kabla moto haujafika. Miaka ya Melbourne imo humo karibu yote. Kila alichosema mezani, binti alikiandika usiku. "Lord M.", ndivyo alivyomwita.

Na mzee mwenyewe alibadilika. Huyu alikuwa mtu wa kujilaza kwenye makochi ya watu na kutukana ovyo. Mbele ya malkia alikaa wima kitini na ulimi akauchunga. Charles Greville, karani wa baraza la washauri wa malkia, aliyekuwa akiwatazama kwa karibu, aliandika kwamba hana shaka Melbourne anampenda kwa dhati kama ambavyo angempenda binti yake kama angekuwa naye, na zaidi kwa kuwa ni mtu mwenye uwezo wa kupenda lakini duniani hana wa kumpenda.

Sentensi hiyo ya Greville niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo changu.

Kijana wa Mombasa

Kaka samahani, wacha niulize wanachoogopa wengine. Walikuwa wapenzi hawa ama la?

Mleta uzi

Usiombe samahani ndugu yangu, hata Waingereza wenyewe waliuliza. Mwaka 1839 watu walimzomea barabarani wakimwita "Bi. Melbourne".

Jibu langu ni hapana. Shajara ya binti haifichi kitu, hata hasira zake mbaya ameziandika, na mapenzi ya namna hiyo hayamo. Lakini ukisema ilikuwa kazi tu, nako utakuwa umekosea. Binti alimwonea wivu mzee alipokula chakula nyumbani kwa wanawake wengine wa heshima. Mzee alitokwa na machozi kwa urahisi alipomtazama. Siku ya kutawazwa, 28 Juni 1838, ndani ya Westminster Abbey, ibada ilichukua kama saa tano na ilijaa makosa. Askofu mmoja alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Pete ilitengenezwa kwa kidole cha mwisho, Askofu Mkuu akailazimisha kwenye kidole cha pili yake, mpaka baadaye ikabidi mkono uloweshwe kwenye maji ya barafu ndipo itoke. Mzee mmoja wa miaka zaidi ya 80, Lord Rolle, alipokuja kutoa heshima alianguka akabingirika kwenye ngazi. Alipojaribu kupanda tena, malkia akainuka kwenye kiti cha enzi akashuka kumfuata ili asipande. Kanisa zima lilishangilia. Zamu ya Melbourne ilipofika akapiga magoti kubusu mkono, malkia akaushika mkono wake, na mzee alikuwa analia.

Hilo ni la baba na mwana, kaka. Ndivyo ninavyoliona.

Mwalimu mstaafu

Mleta uzi, nimefundisha historia miaka mingi na nakupa kongole kwa mpangilio. Lakini usimfanye Melbourne malaika. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani 1834, vibarua sita wa Tolpuddle, kule Dorset, walipopelekwa Australia kifungo cha miaka saba kwa kosa la kula kiapo cha umoja wao. Mtu huyo hakuwa na huruma na maskini.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Hapo umenishika pazuri, na simfanyi malaika hata kidogo. Nitakuongezea. Victoria alianza kusoma riwaya ya Charles Dickens kuhusu mtoto yatima aliyelelewa kwenye nyumba ya maskini, ikamgusa, akamweleza Melbourne. Mzee akamjibu kwamba hapendi habari za nyumba za maskini, watengeneza majeneza na wezi wa mifukoni. Vitu hivyo havitaki katika maisha, kwa hiyo havitaki vitabuni pia. Binti wa miaka 19 alikuwa amefungua dirisha kutazama nchi yake, mwalimu wake akalifunga.

Na nchi ilikuwa inachemka. Mwaka 1839 wafanyakazi walipeleka Bungeni ombi lenye saini zaidi ya milioni 1.2 wakidai haki ya kupiga kura. Bunge likakataa hata kulijadili. Novemba mwaka huo, Newport kule Wales, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji, wengi wao wachimba makaa, wakafa zaidi ya 20. Ukisoma shajara ya kipindi hicho utaona malkia anaijua sana tabia ya kila mbunge aliyekula naye, na hao wachimba makaa hawajui kabisa.

Mwalimu mstaafu

Marahaba mwanangu. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Endelea, tunakusikiliza.

Mleta uzi

Asante mwalimu. Sasa sehemu ngumu.

Mama wa malkia alikuwa na bibi mmoja wa heshima katika nyumba yake, Lady Flora Hastings, miaka 32, hajaolewa. Ukoo wake ni wa Tory, chama pinzani. Mwanzoni mwa 1839 tumbo lake likaanza kuvimba. Alikuwa amesafiri na Conroy kwenye gari moja kutoka Scotland. Victoria na Lehzen wakatazamana. Tarehe 2 Februari malkia akaandika kwenye shajara kwamba hawana shaka, Flora ana mimba, na aliyempa mimba ni Conroy.

Melbourne akaambiwa. Na hapa ndipo ninapomlaumu. Alikuwa mtu mzima aliyeona mwenyewe, miaka mitatu nyuma, mahakamani, jinsi uvumi unavyomla mwanamke hata kama hana kosa. Neno moja lilitosha: "Mheshimiwa, acha. Usilitaje tena, na wakataze wanawake wako kulitaja." Badala yake alimwita daktari, akashauri wanyamaze na kusubiri waone. Kusubiri kwenyewe maneno yakiwa yanatembea kila korido ya kasri.

Flora akakubali kupimwa. Tarehe 17 Februari madaktari wawili walitoa cheti kwamba hakuna sababu ya kudhani ana mimba wala kwamba amewahi kuwa nayo. Malkia akamwomba radhi. Lakini ukoo wa Hastings ulikuwa umechafuliwa, barua zikaanza kuchapishwa magazetini, na Flora anazidi kukonda huku tumbo likizidi. Juni, kwenye mashindano ya farasi ya Ascot, malkia akazomewa na wanawake wa tabaka la juu. Tarehe 27 Juni alikwenda kumwona Flora, akamkuta amebaki mifupa, tumbo limejaa. Flora akamshukuru kwa kila alichomfanyia. Akafa usiku wa kuamkia 5 Julai. Alikuwa ameomba mwili wake upasuliwe. Wakakuta ini limevimba kupita kiasi.

Dada muuguzi

Kaka, mimi nipo wodi ya wanawake miaka mingi. Tumbo la maji la mgonjwa wa ini ukilitazama kwa nguo tu, kweli mtu asiyejua atasema mimba. Nimeshawahi kumpokea binti aliyefukuzwa nyumbani kwa tumbo kama hilo. Alikuwa ananiuliza, "Dada, na wewe unaniona nina mimba?" Nilimshika mkono, sikuwa na cha kusema. Kwa hiyo hii ya Flora nimeisoma nikasimama kwanza. Huyo malkia aliwahi kujilaumu?

Mleta uzi

Pole sana dada, na asante kwa kutuletea hilo.

Aliandamwa nalo, ndiyo. Ila katika siku zenyewe shajara yake inaonyesha ukaidi zaidi ya majuto, na ukaidi huo ulikuwa na wa kuutuliza tu, hakuwepo wa kuukemea. Mama yake hakuongea naye kwa wema. Lehzen alikuwa upande wake. Alikuwa amebaki Melbourne.

Mleta uzi

Katikati ya mkasa huo wa Flora, Mei 1839, likatokea la pili. Na lilianzia mbali: Jamaica.

Watumwa wa Jamaica walikuwa wameachiliwa kikamilifu tarehe 1 Agosti 1838. Mabwana wa mashamba ya miwa, waliokuwa wameshika baraza la kutunga sheria la kisiwa, wakagoma. London ilipopitisha sheria ya kusimamia magereza yao, ambamo watu weusi walikuwa wanateswa, baraza likakataa kufanya kazi. Serikali ya Melbourne ikapeleka mswada wa kulisimamisha baraza hilo. Ukapita kwa kura 5 tu. Melbourne akaona serikali yenye wingi wa kura 5 haina nguvu, akajiuzulu tarehe 7 Mei.

Malkia aliandika siku hiyo kwamba alidhani moyo wake utapasuka. Mzee alikuwa amesimama karibu na dirisha. Malkia akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwa kwikwi, "Hutaniacha."

Akaitwa Sir Robert Peel, kiongozi wa Tory, mtu mwenye akili sana na aibu sana, asiyejua kuongea na wanawake. Peel alikuwa na ombi. Mabibi wa heshima wanaokaa na malkia chumbani, wanaomvisha, wanaokula naye, karibu wote walikuwa wake na dada wa viongozi wa Whig. Serikali yake haitakuwa na wingi Bungeni, kwa hiyo wananchi wakiona hata chumbani kwa malkia kumejaa wapinzani wake, watasema malkia hana imani naye. Akaomba baadhi yao wabadilishwe. Malkia akasema hamtoi hata mmoja. Peel akauliza, hata wale wa ngazi ya juu kabisa? "Wote," akajibu. Tarehe 10 Mei Peel akaomba kutounda serikali.

Na Melbourne alifanya nini? Aliitisha mawaziri wake usiku, wakamwandikia malkia barua ya kumkatalia Peel. Waziri mkuu aliyejiuzulu anamsaidia malkia kumzuia mrithi wake! Walipogundua baadaye kwamba Peel hakutaka wote, alitaka baadhi tu, ilikuwa imekwisha. Melbourne akarudi kazini, na malkia akacheza dansi usiku huo kwa furaha.

Hapo Melbourne alitakiwa aseme, "Binti yangu, mimi leo ni mtu wa chama, wewe huna chama. Mpe Peel anachotaka." Alilijua hilo. Katiba alimfundisha yeye mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi. Victoria alipokuwa mzee, 1897, alikiri kwa katibu wake kwamba alikuwa mdogo sana, na kwamba lilikuwa kosa, asingefanya vile tena.

Kijana wa Mombasa

Kaka hayo ya kura na mabibi wa chumbani yanavutia, lakini sisi watu wa pwani yatuhusu nini?

Mleta uzi

Yanatuhusu kwa karibu kuliko unavyodhani. Tarehe 31 Mei 1839, wiki tatu tu baada ya Peel kukataliwa, mjumbe wa malkia huyohuyo alikuwa Unguja, na mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Seyyid Said ukatiwa saini. Mwaka 1841, Melbourne akiwa bado waziri mkuu, Kapteni Hamerton akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Uingereza. Na 1842 Seyyid Said akaituma merikebu yake, Sultana, hadi London na zawadi kwa malkia. Ziwa letu likapewa jina lake mwaka 1858, baada ya Speke kulitazama akiwa Mwanza, ilhali wenyeji walikuwa na majina yao. Binti yule aliyekuwa akilia karibu na dirisha, jina lake lilikuwa limeshaanza kutufikia.

Mdau wa Tanga

Duh. Malizia basi mkuu, Albert anaingia wapi?

Mleta uzi

Albert wa Coburg, binamu yake, alifika Windsor Oktoba 1839. Tarehe 15 malkia akamwita akamposa, maana kwa cheo chake ndiye aliyepaswa kutamka. Siku moja kabla alikuwa amemweleza Melbourne. Mzee akamwambia ni vyema, mwanamke hawezi kusimama peke yake muda mrefu, katika hali yoyote aliyo nayo. Hebu lirudie neno hilo, "peke yake", na mkumbuke asubuhi ya Kensington. Walioana 10 Februari 1840. Mwaka huohuo Melbourne alifanikisha sheria ya kumpa Albert utawala kwa niaba ya mtoto endapo malkia angefariki katika uzazi. Alikuwa anakabidhi, na alijua anakabidhi.

Juni 1841 Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani na serikali yake, akashindwa kwa kura moja. Uchaguzi ukawapa Tory ushindi. Safari hii mambo ya mabibi yalikuwa yameshamalizwa kimyakimya na Anson, katibu wa Albert ambaye zamani alikuwa katibu wa Melbourne. Watatu walijiuzulu wenyewe. Mwishoni mwa Agosti mzee akamuaga malkia pale Windsor, akamwambia kwa miaka minne amemwona kila siku, lakini sasa si kama ingekuwa 1839, kwa kuwa mume wake anaelewa kila kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Alimtafuta Greville ampelekee Peel ujumbe wa namna ya kumhudumia malkia: hana majivuno, anajua kuna mambo asiyoyaelewa, anapenda aelezwe toka mwanzo, kwa ufupi na kwa uwazi. Alimfundisha mpinzani wake jinsi ya kupendwa na mtu aliyempenda yeye.

Barua kati yao ziliendelea, hadi washauri wa Albert wakalalamika kwamba si haki kwa Peel. Tarehe 1 Oktoba 1842 Victoria alikuwa anapitia daftari moja la zamani. Akaandika kwamba halimpi hisia nzuri, kwamba maisha yale yalikuwa ya juujuu tu na yeye akadhani ana furaha, na sasa ndiyo anajua furaha ni nini. Baadaye mwezi huohuo Melbourne akapigwa na kiharusi.

Chama chake kiliporudi madarakani 1846 hakuitwa. Alifia Brocket Hall, Hertfordshire, tarehe 24 Novemba 1848. Malkia akamwandikia mjomba wake Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kwamba kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo, ukiwaondoa mshauri wake Stockmar na mlezi wake Lehzen, mzee huyo ndiye karibu rafiki pekee aliyekuwa naye, na alikuwa akimwona kila siku.